EKARI YAKO NI HATUA ZA NANI?

Asili na maana ya maneno ya vipimo tuliyoyapokea kutoka Kiingereza

Hapa kwetu Mandawa, na katika Ruangwa na Nachingwea kwa jumla, msimu wa palizi ukifika ubishi wa ekari nao unafika. Mwenye shamba anasema hapa ni ekari mbili. Kibarua aliyepalilia anasema, hapana, hapa ni mbili na nusu. Anaitwa mzee, anapima kwa hatua, na hatua zenyewe zinabishaniwa. Mwisho wake mmoja anaondoka na kinyongo, au shauri linafikishwa kwa mtendaji wa kijiji.

Wote wawili wanatumia neno moja, nalo ni ekari. Na huenda wote wawili wanasema kweli, kwa sababu kila mmoja ana ekari yake kichwani.

Sisi tuliohitimu kisomo tunaweza kulisoma neno hilo kwenye karatasi bila taabu. Lakini kulisoma ni hatua ya kwanza tu. Inatupasa tujue pia lina ukubwa gani, lilitoka wapi, na nani aliliwekea ukubwa huo. Katika makala hii tutayachukua maneno machache ya vipimo na ya mashamba yaliyotoka Kiingereza, tuyafungue moja moja kama anayefungua mzigo. Tutaona kwamba maneno haya yamebadilika maana mara nyingi huko yalikotoka. Asiyejua hilo hupunjwa, tena kwa sahihi yake mwenyewe.

EKARI: KAZI YA MAKSAI KWA SIKU MOJA

Ekari ni neno la Kiingereza "acre" tulilolivika nguo za Kiswahili. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita Waingereza wa kale waliliandika "æcer", na maana yake ilikuwa shamba tu, yaani mahali palipolimwa. Halikuwa na namba yoyote ndani yake. Shamba dogo lilikuwa "æcer" na shamba kubwa lilikuwa "æcer" vilevile.

Baadaye wakulima wa huko wakaanza kulitumia kwa jambo jingine. Wakasema ekari ni eneo ambalo maksai wa jembe wanaweza kulilima kwa siku moja. Sasa hebu fikiri. Maksai wenye nguvu wakilima kichanga watafika mbali. Maksai waliokonda wakilima udongo mzito wa mfinyanzi watachoka mapema. Basi ekari ya kijiji kimoja ikawa kubwa kuliko ekari ya kijiji jirani.

Hata sisi tuna neno la namna hiyo. Tunasema "ngwe", yaani kipande cha shamba anachopangiwa mtu alime. Neno hilo ni jamaa ya neno "ugwe", maana yake kamba, kwa kuwa kipande hicho kilipimwa kwa kamba. Ngwe ya mahali fulani si lazima ilingane na ngwe ya mahali pengine, na hakuna anayeshangaa. Watu wa mahali pamoja wanaelewana.

Ugomvi huanza pale watu wa mbali wanapouziana, au serikali inapotaka kodi. Ndivyo ilivyokuwa Uingereza. Kiasi cha mwaka 1300, katika enzi za mfalme Edward wa Kwanza, ikawekwa amri ya kupima ardhi. Ekari ikawa kipande chenye urefu wa yadi 220 na upana wa yadi 22. Zidisha 220 kwa 22, utapata yadi za mraba 4,840. Hiyo ndiyo ekari ya kisheria mpaka leo.

Mbona kipande chenyewe ni chembamba na kirefu hivyo? Kwa sababu ya maksai. Kugeuza maksai na jembe ni kazi ngumu, hivyo mkulima alipenda waende moja kwa moja kadiri wanavyoweza kabla ya kupumzika na kugeuka. Ule urefu wa yadi 220 ulikuwa na jina lake, ambalo maana yake ni urefu wa mfuo mmoja wa jembe. Kwa hiyo unaposema ekari leo, ndani yake wamo maksai wa Uingereza wa miaka 700 iliyopita, ingawa wewe unalima kwa jembe la mkono au kwa trekta la kukodi.

YADI, FUTI NA MAILI: MWILI WA MTU NA FIMBO YAKE

Neno "yadi" asili yake ni neno la kale la Kiingereza lenye maana ya fimbo. Neno "futi" ni mguu wa mtu, kuanzia kisigino hadi kidole. Futi tatu ni yadi moja. "Inchi" imetoka katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, na maana yake ni sehemu moja ya kumi na mbili. Ndiyo sababu inchi 12 zinafanya futi moja.

"Maili" nayo imetoka kwa Warumi. Maana yake ilikuwa elfu, yaani hatua elfu moja za askari. Lakini Warumi walihesabu hatua moja pale mguu uleule unapokanyaga tena, kwa hiyo hatua yao ni mbili kwa hesabu yetu. Baadaye Waingereza wakairefusha maili yao. Sheria ya mwaka 1593, wakati wa malkia Elizabeth wa Kwanza, ikaifanya kuwa futi 5,280, yaani mita 1,609 hivi. Maili ya Mrumi ilikuwa fupi kuliko hiyo. Jina ni lilelile, njia si ileile.

Wazee wetu nao walipima kwa mwili. Walikuwa na shibiri, na walikuwa na mkono au dhiraa, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Nguo ya marekani ilipouzwa katika misafara ya karne ya 19, mikono minne ilikuwa shuka moja, na shuka mbili zilikuwa doti. Mwenye mkono mrefu akinunua alifurahi, akiuza alilia. Jambo ni lilelile kwa mzee wa Mandawa na kwa mfalme wa Uingereza. Mwili wa mtu ni kipimo kilicho karibu, lakini miili hailingani.

HATUA 70 KWA 70

Sasa turudi shambani. Watu wengi wamezoea kusema kwamba ekari moja ni hatua 70 kwa hatua 70. Je, ni kweli? Tupige hesabu pamoja.

Kwanza, tufanye hatua moja iwe yadi moja, yaani sentimita 91. Hatua 70 mara 70 ni yadi za mraba 4,900. Ekari ya kisheria ni 4,840. Tofauti ni 60 tu. Basi hesabu ya wazee ni nzuri, mradi hatua iwe yadi.

Pili, tufanye mpimaji ni mtu mrefu, hatua yake mita moja kamili. Mita 70 mara mita 70 ni mita za mraba 4,900. Lakini ekari moja ni mita za mraba 4,047. Hapa kuna ziada ya mita za mraba 853. Hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya tano ya ekari. Kibarua aliyepatana kulipwa ekari moja amepalilia ekari moja na kipande, na hicho kipande hakilipwi.

Tatu, tufanye mpimaji ana hatua fupi za sentimita 75. Hatua 70 ni mita 52 na nusu. Mita 52 na nusu mara 52 na nusu ni mita za mraba 2,756 hivi. Hiyo ni theluthi mbili tu ya ekari, na chembe. Sasa anayepunjwa ni mnunuzi. Akilipia ekari tano kwa hatua hizo, amepata ekari tatu na kidogo. Lo! Ekari karibu mbili zimepotea, na hakuna aliyeziiba usiku. Zimepotelea katikati ya miguu ya mpimaji, mchana kweupe, mbele ya mashahidi.

Dawa yake ni nyepesi. Tafuteni kamba isiyovutika, muipime kwa futi ya fundi seremala au kwa utepe wa kupimia mpaka ifike mita 64. Mraba wenye mita 64 kila upande una mita za mraba 4,096. Umezidi ekari kwa mita za mraba 49 tu. Kamba hiyo ikitunzwa mahali pamoja kijijini, kwa mtu anayeaminiwa na wote, ubishi mwingi utakwisha. Tutakuwa tumerudi kwenye ugwe wetu wa zamani, ila sasa una urefu mmoja kwa watu wote.

HEKTA SI EKARI

Neno "hekta" masikio huliona karibu na ekari, na hapo ndipo hatari ilipo. Hekta haikutoka Uingereza. Ni neno la Kifaransa lililotungwa baada ya mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789, wakati Wafaransa walipoweka vipimo vipya vya mita na kilo. Ndani yake limo neno la Kigiriki lenye maana ya mia. Hekta moja ni mraba wa mita 100 kwa mita 100, yaani mita za mraba 10,000. Hiyo ni karibu ekari mbili na nusu, au kwa usahihi zaidi ekari 2.47.

Wajerumani walipotawala huku walitumia vipimo hivyo vya mita, kilo na hekta. Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakaja na ekari, maili, pauni na galoni. Baada ya Uhuru, mwishoni mwa miaka ya 1960, nchi yetu ikarudi kwenye mita na kilo. Kwa hiyo katika maisha ya mzee mmoja vipimo vimegeuka mara mbili. Serikali ikaandika hekta, na mdomo wa mkulima ukabaki na ekari.

Jambo hili linagusa haki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaeleza jinsi ardhi ya kijiji inavyoweza kuhamishwa ikawa ardhi ya jumla, kwa mfano kwa ajili ya mwekezaji. Ardhi isiyozidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, baada ya mkutano mkuu kutoa maoni yake. Sasa tuseme mtu amekaa mkutanoni, akasikia "mia mbili na hamsini", akadhani ni ekari. Amekosea sana. Hekta 250 ni karibu ekari 618. Tofauti ni ekari 368. Kwa kaya zenye ekari tatu tatu, hizo ni kaya zaidi ya 120.

Kwa hiyo namba ikitajwa mkutanoni, anayeuliza "ni ekari au hekta?" hajafanya utovu wa adabu. Amefanya kazi ya mwananchi.

FARM: NENO LILILOANZA KAMA KODI

Kule Nachingwea kuna mahali panaitwa Farm 17. Wenyeji wanalitaja jina hilo kama wanavyotaja jina lolote la mahali. Lakini ni neno la Kiingereza, na wengi wetu tunalifasiri kuwa shamba. Ni kweli, leo ni shamba. Zamani halikuwa hivyo.

Neno "farm" lilifika Uingereza kutoka Kifaransa, nalo asili yake ni Kilatini. Maana yake ya kwanza ilikuwa malipo yaliyowekwa imara, yaani kodi isiyobadilika anayoitoa mtu kila mwaka kwa bwana mwenye ardhi. Watu wakasema fulani ana "farm", maana yake ana mapatano ya kodi. Muda ukapita, neno likahama kutoka kwenye kodi likakaa kwenye ardhi iliyokodiwa. Kisha likahama tena, likawa ardhi yoyote inayolimwa, hata kama mwenyewe hakukodi kwa mtu. Maana hiyo ya mwisho ilienea karne ya 16 hivi. Na neno "firm", ambalo Waingereza huita kampuni ya biashara, limetoka katika mzizi huohuo.

Basi shamba kwa Mwingereza wa kale lilianza na mkataba na malipo. Shamba kwetu lilianza na jembe, msitu na ukoo. Tofauti hiyo tuiweke akilini, kwa sababu inatufikisha kwenye neno jingine lililoacha alama kubwa Nachingwea.

SKIMU: PICHA YA KWENYE KARATASI

Leo tunasikia "skimu ya umwagiliaji", na wengi wanaelewa ni mpango wenye mifereji na mashamba. Neno la Kiingereza ni "scheme", na limetoka Kigiriki likiwa na maana ya umbo au sura. Waingereza walilitumia kwanza kwa mchoro, kisha kwa mpango uliochorwa. Kwa Mwingereza ni neno la heshima la ofisi. Kwa Mmarekani mara nyingi ni mpango wa ujanja wa kumlaghai mtu. Lugha ni moja, neno ni moja, bahari iliyo katikati imebadilisha maana.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Wakachora karatasini mashamba makubwa 107, kila moja ekari 30,000. Mashamba 80 yangekuwa Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, na 10 Kenya. Jumla ni ekari 3,210,000. Sehemu zilizoanzishwa kwetu ni Kongwa, Urambo na Nachingwea.

Ekari 30,000 ni kitu gani? Ni mraba wenye karibu kilomita 11 kila upande. Ukiugawa kwa kaya zenye ekari tatu tatu, unatosha kaya 10,000. Hilo ni shamba moja tu kati ya 107!

Kwenye karatasi ekari zote zililingana. Kwenye ardhi hazikulingana. Kule Kongwa udongo ulikuwa mgumu kama saruji jua linapowaka, na mvua haikutosha. Mizizi ya vichaka ilivunja mashine. Nyingine zilikuwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Huku kusini mvua ilikuwa afadhali, lakini msitu ulikuwa mnene na kufyeka kulikwenda polepole. Reli ikajengwa kutoka pwani hadi Nachingwea, na bandari ya maji marefu ikajengwa Mtwara ikafunguliwa mwaka 1954. Lakini mpango wenyewe ulikuwa umekwisha kutangazwa kuvunjwa mwezi Januari 1951, baada ya kutumia kiasi cha pauni milioni 36. Reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa sababu mizigo haikutosha.

Zilibaki bandari, uwanja wa ndege, mji na majina. Yakabaki pia mafundisho. Waliochora mpango walijua neno ekari barabara, na hesabu zao za kuzidisha zilikuwa sahihi. Walichokosa ni kuupima vizuri udongo na mvua, na kuwauliza wenyeji, kabla ya kuandika namba. Neno lilikwenda mbele, ardhi ikaachwa nyuma.

PAUNI, RATILI NA LITA: NDUGU WALIOPOTEANA

"Pauni" imetoka Kilatini, nayo maana yake ni kwa uzito. Warumi walisema "libra pondo", yaani libra kwa uzito. Waingereza wakachukua neno la pili wakalitamka pauni, na kwa kuandika wakachukua herufi za neno la kwanza. Ndiyo sababu pauni ya uzito huandikwa lb, na alama ya pauni ya fedha ni herufi L iliyokatwa, £. Wengi huona herufi hizo kwenye mifuko ya zamani wakashangaa herufi P iko wapi.

Na kwa nini pauni iwe uzito na tena iwe fedha? Kwa sababu zamani pauni ya fedha ilikuwa hasa ni uzito wa madini ya fedha. Katika uzito huo zilitengenezwa peni 240. Fedha ikapungua thamani miaka mingi iliyofuata, jina likabaki palepale. Katika Afrika Mashariki, tangu shilingi ilipoanza kutumika mwaka 1921, shilingi 20 zilihesabiwa kuwa pauni moja.

Wazee wetu hawakusema pauni kwa uzito. Walisema ratili, neno la Kiarabu, na ratili 35 hivi zilikuwa frasila moja, yaani kilo 16 hivi. Sasa sikiliza jambo la kupendeza. Wataalamu wa lugha wanaeleza kwamba ratili ya Kiarabu imetoka katika neno la Kigiriki "litra". Na neno "lita" tunalotumia kwa mafuta ya taa, lililotungwa na Wafaransa, nalo limetoka katika "litra" hiyohiyo. Basi ratili na lita ni watoto wa mama mmoja. Mmoja alipitia Uarabuni, mwingine alipitia Ulaya, wakakutana tena katika duka la kijijini kwetu wasitambuane. Mmoja anapima uzito, mwingine anapima ujazo.

Pauni moja ni gramu 454, chini kidogo ya nusu kilo. "Tani" asili yake ni pipa kubwa la mvinyo. Tani ya Kiingereza ni pauni 2,240, yaani kilo 1,016. Tani ya Marekani ni pauni 2,000, yaani kilo 907. Tani tunayotumia sisi ni kilo 1,000. Ukisoma habari za zamani za mazao, au habari kutoka Marekani, kumbuka kwamba tani zina ndugu watatu.

GALONI, DEBE NA KANGOMBA

"Galoni" ya Uingereza iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1824 kuwa ujazo wa maji yenye uzito wa pauni 10. Hiyo ni lita 4 na nusu. Galoni ya Marekani ni ndogo, karibu lita 3.8. Leo kwetu neno limehama tena. Ukimtuma mtoto alete galoni, analeta chombo cha plastiki, kiwe cha lita tano au cha lita 20.

Debe nalo lilikuwa bati la mafuta ya taa la galoni nne, yaani lita 18 hivi. Bati likaisha mafuta, likawa kipimo cha mahindi na mbaazi. Kisha yakaja madebe yaliyobonyezwa, yaliyopanuliwa na yaliyojazwa kwa kilele. Gunia nalo likavikwa kilemba, likaitwa lumbesa. Na huku kwetu kusini kuna kangomba, ununuzi wa korosho nje ya utaratibu, mara nyingi kwa chombo cha mkononi badala ya mizani. Mkulima mwenye shida ya ada ya shule huuza humo kwa haraka. Anapata fedha leo, lakini hajui ameuza kilo ngapi.

Ubaya wa vyombo hivi ni kwamba neno linabaki moja na ukubwa unabadilika mikononi mwa mnunuzi. Kilo haiwezi kubonyezwa. Mizani inaweza kuchezewa, ndiyo, na kwa hiyo kuna Wakala wa Vipimo, chombo cha serikali kilichoanzishwa mwaka 2002, kinachokagua mizani na kuibandika alama. Tuitazame alama hiyo kabla ya kupandisha gunia. Mizani ikipunja kilo mbili kwa kila gunia, mwenye magunia 20 amepoteza kilo 40.

RISITI: KILICHOPOKELEWA

Neno letu la mwisho ni "risiti". Kwa Kiingereza huandikwa "receipt", na lile p halitamkwi. Waliliweka humo wasomi wa zamani ili neno lifanane na Kilatini. Sisi tumeliandika kama linavyosikika, tena vizuri zaidi. Maana yake ni kitu kilichopokelewa. Zamani Waingereza waliliita hivyo hata karatasi ya maelezo ya kuchanganya dawa au kupika chakula.

Stakabadhi, neno lenye asili ya Kiarabu, lina maana hiyohiyo ya kupokea. Tangu mwaka 2007 mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza katika korosho huku kusini, karatasi hiyo imekuwa ndiyo mali yenyewe. Korosho zako au ufuta wako uko ghalani, wewe umebaki na karatasi. Basi isome pale pale dirishani: jina lako, tarehe, zao, daraja na kilo. Je, zimeandikwa kilo zilizosomwa kwenye mizani? Ukiisoma nyumbani jioni, umechelewa.

TUFANYE NINI?

Maneno haya hatuyakatai. Yamekuwa yetu, kama vile shule na meza zilivyokuwa zetu. Lakini tuyatumie kwa macho yaliyofunguka.

1. Kabla ya kupatana kazi ya ekari, mpatane kwanza kipimo. Tumieni kamba ya mita 64.

2. Kabla ya kuweka sahihi au dole gumba kwenye karatasi ya ardhi, uliza: ni ekari au hekta? Andikeni zote mbili, na andikeni mipaka na majirani.

3. Uza kwa kilo, kwenye mizani yenye alama ya ukaguzi.

4. Soma risiti na stakabadhi kabla ya kuondoka.

5. Ukikutana na neno geni kwenye karatasi, usione haya kuuliza. Mfalme wa Uingereza mwenyewe ilimbidi aweke amri ndipo watu wake wakubaliane ekari ni nini.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Pimeni urefu wa hatua za watu watano katika kikundi chenu. Je, zinalingana? Hatua 70 za kila mmoja ni mita ngapi?

2. Shamba lina urefu wa mita 150 na upana wa mita 80. Ni hekta ngapi? Ni kiasi cha ekari ngapi?

3. Katika kijiji chenu mnatumia maneno gani mengine ya kupimia, kama ngwe, kibaba au pishi? Ukubwa wake ni nani anayeuamua?

4. Kwa maoni yenu, mpango wa karanga ungefanikiwa kama wenyeji wa Nachingwea na Kongwa wangeulizwa kwanza? Toeni sababu.

Jibu la swali la pili: hekta moja na sehemu mbili za kumi, yaani 1.2, karibu ekari tatu. Kama mtu aliwahi kukuambia shamba kama hilo ni ekari mbili, mwombe mrudi pamoja mkiwa na kamba.